Gari inakaa miezi mitatu kwenye baridi la Minnesota, betri nifanyeje?

MnyaluBaridini:
Wakuu habari za huko mliko. Niko Minneapolis mwaka wa tatu sasa, tarehe 10 mwezi wa 12 naenda nyumbani Iringa na kurudi ni katikati ya mwezi wa 3, gari yangu RAV4 ya 2014 inabaki hapa nimeipaki nje nyuma ya nyumba (barabarani huwezi, theluji ikitangazwa dharura wanalivuta na faini juu). Mwaka juzi nilisafiri wiki tano tu nikarudi nakuta gari kimyaaa, rimoti haifungui, hata kataa ka ndani hakawaki, kufungua boneti betri imevimba mbavu kama mtu mwenye matumbwitumbwi. Dola 190 zikaondoka na mtu nimetoka likizo mfuko umetoboka.

Sasa safari hii kuna mshkaji wangu kajitolea kila Jumamosi atapita awashe gari dakika kumi azime. Hiyo inatosha? Maana mwingine ananiambia niitoe betri niiweke ndani, mwingine ninunue chaja ya kuacha imechomekwa, mwingine eti sola. Afu kuna mzee mmoja kanitisha kwamba betri ukiiweka kwenye sakafu ya zege inanyonywa chaji, ni kweli au ni stori za vijiweni?

Kisauni2Edmonton:
Pole bro, hiyo ya kuvimba ilinipata pia winta yangu ya kwanza, nilidhani nimeuziwa feki. Hiyo sola usijaribu kabisa, mimi nilinunua ile ndogo ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele, theluji ikaangukia kioo siku ya pili na ndio ikawa basi mpaka Aprili. Na hata kungekuwa na jua, ile inachomekwa kwa soketi ya sigara na gari nyingi ile soketi inakufa ukishazima swichi, so ilikuwa inachaji hewa tu. Mimi siku hizi namwachia cousin funguo anawasha, ila mwambie wako asiwashe dakika kumi, angalau ishirini.

FundiUmeme_Ilala:
Mkuu mimi niko Dar sijawahi kuona theluji ila betri ni betri, ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza baridi sio iliyokuulia betri. Betri ikiwa imekaa yenyewe haijafungwa kwenye kitu, kwenye baridi inapoteza chaji polepole kuliko huku kwetu, joto la Dar ndo linamaliza betri mapema, nyie baridi linawafichulia tu betri iliyokwisha choka. Kilichokula betri yako ni gari lenyewe. Gari likizimwa na kufungwa bado linakunywa umeme kidogo kidogo, alamu, kompyuta, ile sehemu inayosikiliza rimoti. Ukipima unakuta kama miliampea 30, hata 50 bado tunasema kawaida. Sasa piga hesabu, 30 kwa masaa 24 ni kama Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji) 0.7 kwa siku, kwa siku 90 ni Ah 65. Betri ya gari kama lako tuseme ni Ah 60. Umeona? Miezi mitatu inaisha yote hata kama uliiacha imejaa tiii. Na kama kuna redio au alamu uliyofungiwa mtaani inakunywa zaidi, wiki tano zinatosha kabisa.

Ndo hapo baridi linaingia. Betri iliyojaa, maji yake ni tindikali kali, hata nyuzi -50 haigandi. Ikishuka nusu, inaanza kuganda kwenye kama -25. Ikiisha kabisa ndani yanabaki karibu maji matupu, nyuzi -8 hivi yameshaganda, na maji yakiganda yanatanuka ndo yanasukuma ubavu. Betri ya hivyo usithubutu kuibusti (kuiwasha kwa betri ya gari lingine) wala kuichaji, inaweza kukupasukia usoni. Hata kama haijavimba ila unahisi imeganda, ipeleke kwenye joto kwanza iyeyuke ndo uikague.

Sasa hiyo ya kuwasha dakika kumi naomba mshkaji wako umshukuru umwambie apumzike, na wewe wa Edmonton samahani ishirini nazo hazisaidii kitu. Stata kwenye baridi inavuta umeme mwingi, afu betri baridi inapokea chaji kwa shida sana, altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haijarudisha hata kilichotumika gari limezimwa. Kila Jumamosi mnakopa hamlipi. Afu injini haijapata moto vizuri, mvuke unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, kutu hiyo. Kama ni kuwasha basi aliendeshe nusu saa au zaidi barabara kuu, vinginevyo liacheni lilale.

Dawa yako ya bure ni spana namba 10. Chaji betri ijae kabisa, afu toa waya wa ethi, ule wa hasi, ukunje pembeni usirudi kugusa. Ukirudi ndo unaufunga. Ukiitoa betri yote unaanza hasi kutoa, na kufunga hasi inakuwa ya mwisho, maana ukianza na chanya afu spana ikagusa bodi utaona cheche za sikukuu.

Zege ni stori ya zamani, enzi zile maboksi ya betri ni ya mbao na mpira mgumu. Plastiki ya sasa weka popote.

BiMwana_Oslo:
Mwanangu fundi kasema yote, mimi naongeza la chaja tu maana nina mwaka wa 14 huku na gari langu hulala tangu Novemba. Usinunue zile za zamani za bei rahisi zinazosukuma umeme muda wote bila kupumzika, zinachemsha betri mpaka maji yanakauka. Tafuta ile inayojisimamia yenyewe, ikijaa inashuka kwenye volti 13 na kitu inaishikilia hapo, unaiacha miezi. Na uangalie betri yako ni ya kawaida au AGM (ile iliyozibwa, tindikali yake imenyonywa kwenye vitambaa), chaja nzuri ina kibonye cha kuchagua. Mwenye nyumba muulize, umeme wake ni senti tu, mpelekee na sambusa. Ila waya wa ekstensheni uwe wa nje, usipitishe wa sebuleni chini ya mlango kwenye theluji, nilishaona mtu anafanya hivyo nikashika kichwa.

Ah na jambo moja, ukishatoa ethi rimoti haitafungua mlango. Hakikisha ule ufunguo wenyewe wa chuma unafanya kazi KABLA hujaondoka, tundu la mlango ambalo halijaguswa miaka linaganda. Mimi nilisimama nje -18 na masanduku nalia.

MnyaluBaridini:
Nashukuruni sana wakuu. Mwenye nyumba kagoma, anasema bima. Kwa hiyo ni spana. Jana nimekopa multimita, nimepima mara tu nimefika kutoka kazini inasema 12.9 nikafurahi, asubuhi inasema 12.3, ndo nini?

FundiUmeme_Ilala:
Ya jioni ni povu la soda hiyo, usiiamini. Ya asubuhi baada ya kupumzika usiku ndo ukweli. 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Wewe wa 12.3 ukiondoka hivyo kwenye -25 unacheza na bahati. Itoe iingize ndani, chaja ya ampea 4 iache usiku mzima, ipumzike, ikisoma 12.6 ndo uamue kuirudisha kwenye gari bila ethi au kuiacha kwako ndani. Kama una sehemu iache ndani tu, ila isiwe chumba cha kulala wakati inachaji, ina gesi.

MnyaluBaridini:
Wakuu nimerudi juzi. Betri ilikaa stoo juu ya zege (mzee wa zege nimemtumia picha), imesoma 12.6, nimefunga chanya afu ethi, stata mara moja imewaka kama jana ilizimwa. Dirisha la dereva tu limesahau kupanda lenyewe, nimelipandisha mpaka juu nikashikilia kibonye sekunde kadhaa likakumbuka. Ila sasa nikiwasha feni kuna harufu na manyoya yanatoka, nimefungua boksi la filta ya hewa panya kajenga nyumba kabisa na karanga ameweka akiba. Nifungue uzi mpya au tuendelee hapa hapa?