Nataka kununua detekta ya dhahabu kwa ajili ya Chunya, nichukue ipi na najifunzaje kuitumia?

mwana_lupa

Wakuu habari za muda huu. Nina eneo upande wa Matundasi, leseni ni ya mjomba wangu, leseni ndogo ya uchimbaji. Kuna maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu) ya zamani watu walishayaacha na chini yake kuna mteremko ambao mvua ikinyesha tu watoto wanaokota vipunje. Nimeamua niachane na kuchimba kwa kubahatisha, ninunue detekta ya maana. Sasa hapo ndo nimekwama maana kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema Gold Monster 1000 inatosha kabisa, mwingine anasema bila GPX 6000 napoteza muda, na kuna dalali ana GPX 5000 anasema ni mpya iko kwenye boksi lake ila bei anayotaja ni ndogo mpaka naogopa. Kuna mwingine kanitumia picha ya mashine yenye antena mbili mbele, eti inaona dhahabu mita 50 hata ikiwa chini ya nyumba.

Sijawahi kushika detekta. Naomba wenye uzoefu wa kweli mnisaidie, nichukue ipi, na hasa najifunzaje mpaka niiamini, maana hela yenyewe ni ya mahindi na ng'ombe, nyingine sina.

mzee_wa_mwalo

Mkuu karibu sana. Kabla ya jina la mashine jiulize dhahabu ya hapo kwenu ikoje, watu wengi wanaliruka hili wakaja kulia baadaye. Detekta haijui dhahabu. Koili, ile sahani ya chini ya detekta, inatupa usumaku ardhini, kipande chochote cha metali kikipigwa na ule usumaku kinajibu, mashine inasikia lile jibu. Kwa hiyo kipande lazima kiwe na ukubwa wa kujibu. Kama dhahabu yenu ni ya unga, ile iliyojificha ndani ya mbale (mawe yenye dhahabu) mpaka upitishe karasha (mashine ya kusaga mawe) ndo uione kwenye karai, hakuna detekta itakayoisikia hata ulipie mamilioni mangapi, kila chembe peke yake ni ndogo mno. Nimeona watu wamebeba mashine za bei mbaya wanapiga mawe ya mkanda (mshipa wa dhahabu kwenye mwamba) mzuri kabisa wenye dhahabu ya kutosha na mashine kimya, wakasema mbovu, wakati mashine haina kosa.

Chunya sisi tuna bahati. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Lupa, huku huku kwetu, mwaka 1922 watu wamekuwa wakiokota vipande vinavyoonekana kwa macho, mkanda unaoza juu, mawe yanaporomoka, dhahabu nzito inabaki kwenye mteremko na kwenye vijito. Hiyo ya watoto kuokota vipunje baada ya mvua chini ya maduara ndo dalili yenyewe, kwa eneo kama hilo detekta ina kazi.

Tatizo la pili ni udongo wetu. Ile ardhi nyekundu na vile vijiwe vyeusi vizito vinavyonata kwenye sumaku ni madini ya chuma, na chuma kinaongea sana kwenye masikio ya mashine. Hapo ndo tofauti ya mashine inapokuja. Gold Monster ni VLF, yaani inatuma mawimbi mfululizo bila kukatiza, inafanya kazi kwa kilohezi 45, kali sana kwa vipunje vidogo vilivyo juu juu na ina uwezo wa kukataa msumari. Ila ukiingia kwenye ardhi yenye chuma kingi inachoka, inapoteza kina, na kila jiwe la moto, yaani jiwe lenye chuma, linakupigia kelele. GPX zinatumia njia nyingine, zinatuma pigo zinasubiri kidogo ndo zinasikiliza, kwa hiyo kelele nyingi ya udongo inakuwa imeshakufa. Ndo maana zinaenda chini kwenye udongo mbaya. Hasara yake ni kwamba kwenye GPX 6000 hamna kuchagua, msumari unalia, kifuniko cha soda kinalia, kipande cha moko (patasi ya wachimbaji) kinalia, unachimba vyote.

Ushauri wangu kwa eneo ulilolieleza, GPX 6000 na koili yake ya mono (waya mmoja unatuma na kusikiliza) ya inchi 11, kama hela inafika. Ilipotoka 2021 Marekani ilikuwa kama dola 6,000, huku na usafiri na kodi inapanda, jipange. Ina uzito wa kilo 2 na kidogo, unaweza kuitembeza siku nzima. GPZ 7000, mashine nyingine ya kampuni hiyohiyo, inavuka kilo 3, inaenda chini zaidi kwa vipande vikubwa ila bila mkanda wa kubebea bega linakufa, na kwa mtu anayeanza ina vitu vingi vya kuchezea.

Kahama_Digger

Naheshimu alichosema mzee ila mi siungi mkono mtu aanze na mashine ya mamilioni wakati hajui sauti. Gold Monster bei yake haifiki hata robo ya hiyo GPX. Unaipata, unapiga marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa) na vifusi vya maduara, vijito vilivyokauka, sehemu ambazo mwamba upo karibu. Unajifunza kuchimba, unajifunza uvumilivu, ukipata dhahabu ndo inanunua hiyo kubwa. Mimi nilivyoanza ndo hivyo na sijutii hata kidogo. Ina koili mbili kwenye boksi, ile ndogo ya inchi 5 ingiza kwenye nyufa za mwamba utashangaa.

mzee_wa_mwalo

@Kahama_Digger hapo tunakubaliana nusu, kwenye marudio na nyufa za mwamba Monster ni mashine kweli. Ila mteremko wa Matundasi wenye udongo mwekundu wa futi moja mpaka mbili, mwenzetu atabaki na vipunje vya juu tu na vile vya gramu tatu nne vilivyo chini atavikanyaga. Kama anaweza kuazima au kukodi Monster wiki moja apige eneo lake mwenyewe, hilo litamwambia mengi kabla hajatoa hela.

fundi_koili

Mi natengeneza hizi mashine, nakuja kwa habari ya yule dalali maana imeniuma kuisoma. ACHANA NAYE. GPX 5000 ni mashine nzuri sana na ndo maana imeigizwa kuliko karibu detekta zote, soko la Afrika limejaa feki na Minelab, kampuni inayozitengeneza, wenyewe wametoa onyo hilo miaka na miaka. Boksi linafanana, stika zinafanana, kitabu kipo, ukiiwasha inalia ukiipitishia sarafu. Ndani ni saketi nyingine kabisa. Juu ya meza inasikia, ukiipeleka kwenye udongo mwekundu haiwezi kujibalansi (kuizoea kelele ya udongo), inapiga kelele mfululizo au inakaa kimya. Nimeletewa nyingi za namna hiyo, mtu kauza kiwanja, na hakuna cha kurekebisha humo ndani.

Kinga yake: nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni, orodha ya mawakala ipo kwenye tovuti yao, na namba ya mashine waulize wenyewe kabla hela haijatoka mkononi. Kama ni ya mtumba, mwambie muuzaji mkutane porini sio dukani. Fukia kipande cha dhahabu au ile risasi ya uzito wa ndoano ya kuvulia kwenye udongo mwekundu wenyewe, sentimita 15 hivi, upige mwenyewe. Akikataa kwenda porini jibu umelipata.

Na ile ya antena mbili mita 50, ndugu yangu hiyo ni wizi, sina neno lingine. Usumaku wa koili unapungua kwa kasi sana kadiri unavyoenda mbali, kipande cha gramu moja hata kwa mashine bora duniani tunahesabu sentimita, sio mita. Zile antena zinageuka kwa sababu mkono wa mtu unatikisika. Kuna familia zimechimba mashimo chini ya nyumba zao kwa ajili ya huo uongo na nyumba zikapata nyufa.

mwana_lupa

Aisee asanteni sana, mmenitoa mbali. Basi tuseme nimejikusanya nimepata 6000 halali. Siku ya kwanza nafanya nini? Nikiiwasha nitajuaje hii ni dhahabu na hii ni udongo unalia?

mzee_wa_mwalo

Hapo umeuliza swali la mchimbaji. Siku za mwanzo usiende kutafuta dhahabu, nenda kutafuta sauti. Omba kipande cha dhahabu cha mtu unayemjua, cha nusu gramu hivi, kigundishe kwa selotepu kwenye kadi ya plastiki kisikupotee. Kama hupati tumia risasi za bunduki ya upepo, risasi inalia karibu sawa na dhahabu. Weka juu ya ardhi ya eneo lako, piga. Fukia vidole vinne, piga. Ongeza kina mpaka sauti ibaki kama pumzi tu. Hiyo pumzi ndo dhahabu yako kubwa ya baadaye, mlio mkubwa wa kishindo mara nyingi ni bati.

Simu zima au iache mbali. Vua saa na pete, viatu visiwe na chuma mbele. Mwenzako mwenye detekta akae mbali na wewe maana zinasikiana. Ukiwasha, tulia sehemu moja bonyeza ile ya kuondoa kelele za umeme wa hewani uisubiri imalize. Halafu shikilia kitufe cha kubalansi huku unainua koili na kuishusha karibu na ardhi mpaka sauti itulie. Sensitiviti iache kwenye Auto, watu wanapandisha mpaka juu wakidhani watapata kina, wanapata kelele tu na kelele inaficha vile vidogo. Udongo ukiwa mkali kabisa weka Difficult, ile mipangilio ya udongo mgumu. Vaa hedfoni.

Kutembea ni polepole kuliko unavyofikiria, koili inasugua karibu na ardhi mwanzo wa mkono mpaka mwisho, usiinue pembeni kama mtu anayefyeka. Kila mzunguko upande juu ya ule uliopita nusu nzima. Fyeka nyasi kwanza na uvute kamba, mstari kwa mstari, kuanzia pale mkanda unapotokea ukishuka nao chini.

Sasa sauti. Udongo unalia kwa upana, unapanda taratibu unashuka taratibu, ukipita kwa upande mwingine unabadilika au unapotea. Kipande cha metali kinalia sehemu moja, ukipita kaskazini kusini na mashariki magharibi kipo palepale. Ukiwa na shaka kwaruza udongo wa juu sentimita tano kisha piga tena. Ni udongo, sauti inafifia au inahama. Ni kitu kweli, sauti inakaza na kuwa kali zaidi. Jiwe la moto nalo lipige teke, likisogea na sauti ikasogea nalo, livunje uangalie kama ni kwatzi lenye kitu ndani, usilitupe hivi hivi.

Kuna watakaokwambia sauti ikianza juu ikashuka ni dhahabu, ikianza chini ikapanda ni chuma. Usikubali. Inabadilika kwa ukubwa wa kipande na kina chake. Chimba vyote, Chunya ina misumari na makopo tangu enzi za Mwingereza na katikati ya hayo makopo dhahabu bado ipo kwa sababu waliotangulia waliruka.

Kahama_Digger

Hapo kwenye kutoa kipande ndo wengi wanapoteza nusu saa. Chukua kijiko kikubwa cha plastiki. Shimo likishalia, toa udongo weka pembeni, piga shimo tena, likinyamaza kitu kipo kwenye rundo. Teka kijiko, pitisha juu ya koili iliyolala chini. Kikilia, mimina nusu mkononi, pitisha kijiko tena, nusu inayolia ndo unabaki nayo, unagawa tena na tena mpaka unabaki na kiganja cha vumbi. Pulizia taratibu, utaona. Sururu nayo ifunge sumaku kali kwenye mpini, misumari yote inajishika yenyewe unaokoa muda. Ila ukipiga ardhi sururu iache hatua kadhaa nyuma la sivyo utachimba sauti ya sururu yako.

fundi_koili

Nyongeza, kebo ya koili ifunge vizuri isiyumbe, ikiyumba inaleta milio ya uongo. Na ile plastiki ya chini ya koili ifungue uisafishe, udongo mwekundu unaingia humo unakauka halafu unaanza kulia wenyewe.

mwana_lupa

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho, mjomba yeye ndo mwenye leseni, mimi na vijana wawili ndo tutapiga. Na mvua zinakaribia, nianze saa hivi au nisubiri?

mzee_wa_mwalo

Na mjomba andikishaneni kabla hamjapata hata kipunje kimoja, nani anatoa mashine, nani anakula nini, na mbele ya shahidi. Damu ni damu ila kipande cha gramu 30 kinabadilisha watu. Msivuke bikoni (alama za mipaka) za leseni hata kwa hatua mbili, eneo la jirani ukipiga bila maandishi yake ni kesi, ofisi ya Afisa Madini ipo hapo Chunya kaulizeni mipaka wawaonyeshe. Ukipata peleka soko la madini, mrabaha unakatwa palepale unapewa na karatasi, hutembei na mali mfukoni ukitafuta mnunuzi gizani.

Mvua acha inyeshe, itakuoshea mteremko bure. Saa hivi fanya mazoezi ya sauti nyumbani na kukusanya hela. Mwezi wa tano udongo ukiwa bado laini fyekeni, vuteni kamba, anzeni chini ya duara la juu kabisa.