Wakuu, eti Maniakes alikuwa BAUNSA? Leo sikubali!

Wakuu, niacheni nipumue kwanza.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule anayeingia kila uzi wa historia, anasoma mstari wa kwanza, anatupa neno moja halafu huyoo, kalala. Jana nimebandika habari za Georgios Maniakes, jenerali wa Bizanti (dola ya Roma ya Mashariki), nimekesha nazo mpaka jogoo wa jirani akanionea huruma. Jamaa kaja, kaandika: "Kumbe baunsa tu."

BAUNSA!

Mwaka 1030 Kaisari Romanos III katoka kuchapwa karibu na Aleppo, anakimbilia kwao. Wapanda farasi 800 Waarabu wakafika mji wa Teluch kumwambia Maniakes asalimu amri. Akawaambia sawa, asubuhi nawakabidhi, kuleni na mnywe kwanza. Wakanywa wakazima. Usiku akawamaliza, pua na masikio akampelekea Kaisari. Baunsa gani anapika karamu?

1031 katwaa mji wa Edessa. 1038 kavuka kwenda Sicily, chini yake Wanormani, askari wa kukodi wenye asili ya Ufaransa, pamoja na Harald, huyo aliyekuja kuwa mfalme wa Norway. 1040 Syracuse mkononi. Halafu mtu aliyeshiba ugali anasema baunsa. Baunsa! Nimeshindwa hata kunywa chai.

Chachandu: Pole mkuu. Ila Psellos, mwandishi wa historia wa Bizanti, alimwona kwa macho yake, akaandika kwamba jamaa ana kimo cha futi kumi, sauti ya radi, mikono ya kubomolea malango ya shaba. Mimi kwangu huyo ni baunsa.

Mleta uzi: Na wewe umetumwa?

Jahazi Bovu: 😂😂 Baunsa mwenye deraya. Nimeweka kambi.

Mzee wa Kona: Tatizo lake lilikuwa mkono mwepesi. Stephanos, mkuu wa manowari, alimwachia adui akatoroka baharini. Maniakes akamtandika kichwani. Sasa huyo ni shemeji wa Kaisari Mikaeli IV! Zamani alikuwa fundi wa kukalafati meli, lakini shemeji ni shemeji. Barua ikaenda mji mkuu, jenerali akarudishwa kwa pingu.

Chachandu: Kumpiga mtu kichwani ndiyo kazi ya baunsa kabisa.

Mleta uzi: Mungu anawaona.

Farasi Wangu: Mbona hakuna anayemlilia Arduin, Muitalia aliyepigana pamoja na Wanormani kule Sicily? Kanyang'anywa farasi wake wa nyara, kachapwa viboko juu. Wanormani wakasusa.

Mzee wa Kona: Skylitzes, mwandishi wa historia wa Bizanti, anamtupia Dokeianos hilo, kamanda mwingine.

Farasi Wangu: Malaterra, mwandishi wa Wanormani, anasema Maniakes. Nirudishieni farasi.

Mleta uzi: Mnamwonea mtu aliyeingiliwa mpaka nyumbani! Kigogo mmoja, Romanos Skleros, alivamia mashamba yake, akamdhalilisha mkewe, na dada yake Skleros ni hawara wa Kaisari Konstantino IX. Utamshtaki kwa nani? Akaasi 1042, mwaka uliofuata akauawa vitani karibu na Thessaloniki, tena jeshi lake likiwa linashinda. Kichwa chake kikatembezwa mji mkuu kwenye mkuki. Mtu wa namna hiyo unamwita... hata sirudii.

Jahazi Bovu: Rudia mkuu, herufi kubwa.

Binti Karani: Samahani, mimi nimekwama kwa yule shemeji. Kazini kwetu tunaye shemeji wa bosi. Anakuja saa nne, anaondoka na funguo za stoo, na mwezi huu kapandishwa cheo.

Mzee wa Kona: Amesomea nini?

Binti Karani: Kuwa shemeji.

Farasi Wangu: 😂 Wetu alikuwa dereva, sasa anasaini hundi.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa Maniakes.

Chachandu: Tulia kidogo mkuu. Dada, hizo funguo za stoo, hakuna aliyethubutu kumdai?