Mimi ni SS, mchumba wangu ni AS. Tuzae?

NyarKano, Kisumu
Wapendwa, naombeni ushauri. Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa; SS maana yake nilirithi jeni yake kwa baba na kwa mama. Dawa ya haidroksiyurea imenituliza sana, siku hizi nafanya kazi bila kulazwa ovyo. Kabla wazee hawajaketi kuhusu mahari nilimwomba mchumba wangu, mtu wa Kakamega, akapime. Akatoka AS, yaani amebeba jeni moja tu ya selimundu, ingawa haumwi chochote. Daktari ametueleza kwamba kila mimba ni nusu kwa nusu: mtoto atakuwa SS kama mimi au AS kama babake. Mamake anasema tumwachie Mungu, na kwamba kwao ugonjwa huu haupo. Namwamini Mungu, lakini usiku wa maumivu ya mifupa naujua mimi. Nampenda huyu mtu, na mtoto namtaka. Nani amepitia hapa?

MamaWawili, Nakuru
Pole dadangu. Mimi pia ni SS ila mume wangu ni AA, hana jeni hiyo, kwa hiyo wanetu wote ni AS. Kilichonitesa ni mimba yenyewe: maumivu yalirudi, nikaongezwa damu, presha ikawa ya kuchungwa. Omba asidi ya foliki ya miligramu 5, na usimeze dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma kabla hujapimwa. Kujifungulia nyumbani usikubali kamwe, hata mkunga awe hodari vipi. Anza na kliniki ya selimundu pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, hapo Kisumu.

Muuguzi_Vihiga
Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba AS haumwi, ndiyo maana ukoo mzima unaweza kuibeba bila habari. Huku kwetu imejaa kwa sababu humkinga mtoto na malaria kali. Si laana.

Odhis
Nusu ni kubwa mno. Nimemzika dadangu kwa ugonjwa huu. Mimi ningeasili mtoto. Samahani kama nimekuumiza.

Wekesa, Bungoma
Odhis, pole sana ndugu. Sisi wote wawili ni AS, kwetu ni robo. Kifungua mimba alipotoka SS, watu walisema fungu letu limekwisha. Si kweli, kila mimba huanza upya. Lakini kijana wetu alijulikana akiwa mchanga, akaanzishiwa penisilini mapema, kila siku anameza proguanili ya malaria, analala ndani ya neti. Yuko darasa la tano. NyarKano, mkiamua kuzaa, mtoto apimwe akingali mchanga, msingoje mikono ivimbe.

NyarKano
Asanteni. Odhis, hujaniumiza, hilo la kuasili tumelizungumza pia. Haidroksiyurea inaachwa lini?

Muuguzi_Vihiga
Kwa kawaida miezi 3 kabla ya kutafuta mimba, lakini usiiache kivyako. Maumivu yanaweza kurudi kwa kishindo. Nendeni kliniki wote wawili, naye asikie mwenyewe.