Fidla zinazokwaruza masikio: kosa ni la sidii au la sebule?

Mtoa hoja: Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa okestra, dai kwamba sidii, tangu zilipoingia sokoni mwaka 1982, ndizo zilizoiharibu sauti ya fidla halinishawishi tena. Sebule yangu ina sakafu ya vigae, dirisha pana la kioo na kuta tupu za saruji, na kila simfoni ya Beethoven ilipofika mahali fidla zote zinapopanda pamoja, ilinibidi niinuke nipunguze sauti. Nilibadilisha waya, kisha amplifaya, nisipate nafuu. Siku nilipokisogeza kiti hadi mita moja kutoka kwenye spika, mkwaruzo ulipungua mno, kwa kuwa hapo sauti ya spika yenyewe huizidi ile inayorudishwa na kuta. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya kilohezi 2 na 5, yaani mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde, na ukali wa fidla upo hukohuko. Zulia nene na mapazia mazito yamenifaa kuliko amplifaya mpya, ambayo deni lake bado nalilipa.

Mchangiaji: Kuhusu vigae tunakubaliana, ila si haki kuitwisha sebule lawama zote. Maikrofoni huning'inizwa juu ya okestra, karibu na nyuzi kuliko msikilizaji yeyote ukumbini, hivyo ukali mwingine umo ndani ya rekodi. Tena baadhi ya sidii za mwanzo zilirekodiwa zikiwa zimeongezewa sauti za juu makusudi, ili mashine izipunguze wakati wa kucheza. Ukizinakili kwa programu isiyolitambua hilo, mazulia hayatakusaidia. Na amplifaya usiidharau: kishindo cha okestra kikiizidi sehemu tulivu kwa desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kinadai nguvu mara 100, na amplifaya ndogo ikielemewa hutoa mkwaruzo uleule.

Mtoa hoja: Hoja ya nguvu naikubali kwa wale wanaosikia ukali sauti inapopandishwa tu. Mimi niliusikia hata kwa sauti ya chini, na katika rekodi za juzijuzi. Anayebisha aisikilize sidii ileile kwa hedifoni nzuri: ukali ukibaki, aishuku rekodi, ukitoweka, anieleze sidii imekosa nini.