Warfarin na kupima INR kila mara vimetuchosha, hakuna dawa nyingine?

mama_pacha: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kike ana tatizo la valvu ya moyo, ilianza na mafindofindo ya utotoni hayakutibiwa vizuri, sasa valvu imebana na mapigo yanarukaruka, mwaka wa tatu huu yuko kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Kinachotuua ni INR, kile kipimo cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani. Tunadamka alfajiri kuwahi basi, tukifika tunaambiwa vitendanishi vimeisha. Kidaftari chake mara 1.4 mara 4.8. Nasikia kuna dawa mpya ya kazi hiyohiyo, rivaroxaban, haitaki vipimo hivyo, mbona daktari anakataa kumbadilishia? Au ya wenye hela tu?

mjuba77: Sio hela dada. Kuna kituo cha utafiti wa moyo Chuo Kikuu cha McMaster huko Hamilton, Kanada, kinaitwa PHRI, alikianzisha Prof. Salim Yusuf. Hilo swali lako ndo walilifanyia kazi, utafiti unaitwa INVICTUS, majibu yametoka 2022. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye shida kama ya mdogo wako, wengine rivaroxaban wengine warfarin na jamii yake. Watu walitegemea ile mpya angalau itoke sare, wapi, waliokuwa nayo ndo walikufa wengi zaidi!

Kipara Ngoto: Kanada na sisi wapi na wapi bana

mjuba77: Hao wagonjwa walikuwa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini mkuu, nchi 24, na 72% wanawake. Ugonjwa wenyewe ni wa kwetu huku, kule umebaki wa kutafuta kwa tochi

shedafa: Warfarin si ndo ilianza kama sumu ya panya jamani 😂

sista_wodini: Ni kweli ila tusimtishe mgonjwa. Dada, INR ikiruka hivyo angalia sahani yake, wiki hii kisamvu na matembele kila siku, wiki ijayo maharage tu, lazima iyumbe. Asiache mboga, ale kiasi kilekile. Asinunue dawa kiholela, diklofenaki, aspirini, flajili zote zinagombana na warfarin. Fizi zikitoa damu au choo kiwe cheusi, hospitali hapohapo. Na akitaka kushika mimba aseme kwanza kwa daktari.

mama_pacha: Flajili!! Ile wiki ya 4.8 alikuwa anazimeza za tumbo, alijinunulia duka la hapo nje. Ngoja nimpigie sasa hivi