Kitatange mla matumbawe: auzwe, au aachwe baharini?

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa baharini, na nyinyi mnaowazamia huku pwani, naomba tulizungumze hili waziwazi. Kwangu mimi, vitatange wasioweza kuishi bila matumbawe hai wasivuliwe kwa biashara. Sisemi vitatange wote, au samaki vipepeo kama wengine wanavyowaita. Aina zao zinapita 120 na kila mmoja ana mlo wake.

Chaetodon trifascialis karibu hagusi kitu ila Acropora, jamii moja ya matumbawe. Chaetodon trifasciatus, yule mwenye vistari vyembamba vya zambarau, naye riziki yake ni matumbawe. Huyo niliwahi kumnunua, muuzaji akaniapia kuwa atazoea. Nilimpa uduvi, nikamsagia nyama ya chaza, nikaipaka juu ya jiwe ili imdanganye. Alikuja, akaitazama, akageuka. Wiki ya tano mgongo ulikuwa mwembamba kama wembe. Mpaka leo roho inaniuma.

Najua jibu la wengi: kosa ni la mfugaji, mbona wapo waliofaulu? Wapo, sikatai. Lakini hao wana matangi makubwa na uzoefu wa miaka. Anayeingia dukani mara ya kwanza hana hata kimoja, na ndiye anayeuziwa.

Hoja inayonipa tabu ni ya mzamiaji wa Kenya, anayelisha watoto kwa samaki hawa wa mapambo. Nikimwambia amwache trifasciatus, nimemkata mkono? Sidhani, maana maji yayo hayo yana vitatange wengine, Heniochus diphreutes na Hemitaurichthys zoster, wanaokula vijidudu vinavyoelea majini. Yuko pia Forcipiger flavissimus, wa manjano mwenye mdomo mrefu, anayedokoa minyoo kwenye nyufa. Hao wanaweza kuishi kwenye tangi, ingawa hakuna kitatange wa kumwekea dhamana mbele ya matumbawe yako. Mwenye minyoo ya mapambo asimsogeze Forcipiger kabisa.

Tena tukumbuke 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Mla matumbawe alipungukiwa na chakula kwao kwenyewe. Leo tumtoe huko tumpeleke kwenye kioo kisicho na chakula chake hata kidogo?

Mnaouza, nijibuni: mteja akimnyooshea kidole trifasciatus, huwa mnamwambia nini kabla hajalipa?