Goti limejipinda, radio (picha ya eksirei) inaonyesha mifupa mizima. Nipake dawa gani?

Kijana wa Majengo: Salamu wakubwa. Niko Goma. Mwezi uliopita nilikuwa nageuka na mpira, goti la kulia likajipinda. Hakuna aliyenigonga. Radio inaonyesha mifupa mizima. Nikande na maji ya moto ama nipake nini? Nataka lipone haraka.

Mama Neema: Mwanangu, acha mpira. Dada yangu alianguka kwenye ngazi, wakamkanda na majani, mpaka leo anachechemea. Umsikilize mama yako.

Fundi Birere: Mimi kifundo cha mguu kilipona kwa mawese na chumvi. Lakini nilikuwa golikipa, sisi hatufi ovyo!

Kine wa Katindo: Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Radio haionyeshi kano, zile kamba zinazoshika mifupa pamoja. Kijana, ulisikia kitu kikilia ndani? Lilivimba baada ya muda gani?

Kijana wa Majengo: Lililia "ta!", hata beki alisikia. Kabla ya jua kuzama lilikuwa limejaa. Sasa uvimbe umeshuka, ila nikigeuka linalegea.

Kine wa Katindo: Hilo ndilo ungeanza nalo. Goti likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu imejaa kwenye kiungo, na wa kwanza kushukiwa ni kano ya msalaba ya mbele, ile wachezaji wanaita kruaze. Kano ya ubavu wa ndani wa goti ikichanika, damu inaganda kwenye pengo, chembe zinaingia katika donge hilo na kujenga kovu. Ndiyo maana nyingi hupona bila kupasuliwa. Kruaze iko katikati ya kiungo. Ute wa goti unaliyeyusha donge, ncha zinabaki zimeachana. Chache huungana, lakini maji ya moto hayaziungi. Muone daktari wa mifupa auvute muundi kwa mkono, na ukiweza upige IRM, ile picha ya sumaku inayoonyesha kano.

Jicho Kali: Mnadanganywa. Kwenye uzi mwingine huyu huyu alisema anashusha viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu. Kruaze imekatika na chukudu anaendesha? Hadithi ya kutunga.

Kijana wa Majengo: Nashusha kweli. Goti hilo naliegemeza kwenye kipande cha raba nilichopigilia juu ya ubao, mguu wa kushoto ndio unasukuma. Na niseme yote: Jumapili kuna mechi. Pesa ya timu nimeshachukua, nimelipia nyumba. Nitafunga bendeji, nicheze kipindi cha kwanza tu.

Kine wa Katindo: Jicho Kali, inawezekana kabisa. Uvimbe ukishuka, wengi wanatembea vizuri kwenda mbele bila kruaze. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele wala kuzunguka. Kijana, bendeji haiwezi kazi hiyo. Kila goti linapolegea unaweza kuchana meniski, ule mto wa gegedu kati ya mifupa ya goti, na sehemu yake ya ndani haina mishipa ya damu, haijiungi. Hata waliopasuliwa na kuwekewa kano ya nyuma ya paja hushauriwa kungoja walau miezi 9, kwa sababu kano hiyo mpya hudhoofika kwanza kabla ya kukomaa. Zungumza na kocha kuhusu ile pesa.

Fundi Birere: Kocha mwenyewe akishasikia hiyo "ta!" atakuweka benchi.

Kijana wa Majengo: Nimempigia, hajashika. Kine, Ijumaa asubuhi uko kazini? Nije na ile radio?